"Printa Haisomi": Historia ya Chombo cha Wengi Kinachomtii Mmoja



Kuna sentensi fupi inayosikika katika nyumba nyingi za watumishi na wanafunzi hapa Dodoma, kuanzia Area C hadi Ilazo, kutoka Kisasa mpaka vyumba vya kupanga vya Ng'ong'ona: "Printa haisomi." Huisema mtoto mwenye kazi ya shule inayotakiwa asubuhi, mama mwenye barua ya kuomba uhamisho, au mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyeahidi kumpelekea msimamizi wake sura ya tatu ya tasnifu. Printa ipo mezani, ina karatasi, ina wino, na taa yake ya kijani inawaka. Kompyuta nayo ni nzima. Vyote viwili vimeunganishwa na ruta moja ya nyumbani. Lakini kompyuta inasema printa haipo.

Kwa kawaida jambo hili humalizwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumwita kijana wa jirani anayeaminika kuwa anazijua kompyuta. Ya pili ni kuchukua flashi na kwenda steshenari, ambako mtu hulipa kwa kila ukurasa huku mashine yake mwenyewe imebaki nyumbani bila kazi. Njia zote mbili huliacha swali lenyewe bila jibu: kwa nini chombo kilichonunuliwa kwa ajili ya nyumba nzima kinamtumikia mmoja na kuwakana wengine?

Mimi si mhandisi wa kompyuta. Kazi yangu ni kufundisha historia ya taasisi za umma, na kwa jicho la kazi hiyo naliona jambo hili kuwa zaidi ya suala la fundi. Dai langu ni hili: usumbufu wa printa ya nyumbani si ushahidi wa ujinga wa mtumiaji. Ni matokeo ya mvutano wa takriban miaka hamsini juu ya swali la kisiasa kabisa, yaani chombo kinapotumiwa na wengi, ni nani anayeandika kanuni za kukitumia, na je, watumiaji wanazijua?

Foleni iliyoonekana kwa macho

Kabla ya kompyuta, ofisi zetu zilikwishajua kushirikiana mashine za kuchapa. Katika idara ya serikali ya miaka ya 1960 na 1970 kulikuwa na chumba cha taipu. Maofisa waliandika rasimu kwa mkono, wakazipeleka kwa wapiga chapa, nao wakazichapa kwa karatasi za kaboni. Nakala zilipohitajika nyingi, maandishi yalikatwa kwenye stensili na kuzungushwa katika mashine ya kurudufu. Mashine zilikuwa chache na nyaraka zilikuwa nyingi, lakini foleni ilionekana kwa macho. Rasimu zilipangwa mezani, na ofisa aliyechelewa aliweza kuuliza kazi yake ni ya ngapi. Upendeleo haukukosekana, kwani barua ya mkurugenzi haikusubiri kama barua ya karani. Hata hivyo, aliyependelewa alijulikana, na aliyependelea alikuwa na jina na uso. Aliyeonewa alijua pa kulalamikia.

Kompyuta ilipoingia, uso huo ulianza kutoweka. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine lilikwenda vibaya kiasi kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vinavyoambatana nazo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1973, TANU ilikuwa imeamua kuwa makao makuu yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa. Kwa hiyo mji huu ulianza kupangwa kama makao makuu katika nchi iliyokuwa imeifungia mlango kompyuta. Mipango yake ya mwanzo ilipita katika taipu, kaboni na stensili.

Sina nia ya kuwabeza waliotoa katazo lile. Waliona mashine ya gharama kubwa ambayo siri zake zilikuwa mikononi mwa wataalamu wachache, na hesabu za taifa zikatetereka. Hofu yao ilikuwa na msingi. Lakini katazo liliigusa mashine na kuziacha kanuni zake. Lilianza kulegezwa katika miaka ya 1980, na katika kipindi hichohicho tulichokuwa nje ya mlango, kanuni za kushirikiana mashine hizo zilikuwa zinaandikwa mahali pengine. Ili kuielewa printa ya sebuleni leo, hatuna budi kwenda huko.

Printa iliyouzaa mtandao

Mwaka 1973, wakati TANU ikiamua juu ya Dodoma, katika mji wa Palo Alto, California, kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox kilikuwa na tatizo la neema. Mhandisi Gary Starkweather alikuwa ameunda printa ya leza iliyoweza kutoa takriban ukurasa mmoja kwa sekunde. Wenzake walikuwa wanaunda kompyuta iliyoitwa Alto, kwa nia ya kumpa kila mtafiti ya kwake. Kompyuta zingekuwa nyingi, lakini printa ya namna ile, kwa ukubwa na gharama yake, isingeweza kuwekwa katika kila chumba. Ilibidi ishirikiwe.

Hapo ndipo Robert Metcalfe alipoandika, tarehe 22 Mei 1973, waraka wa ndani ulioeleza namna ya kuziunganisha mashine za jengo moja kwa waya wa pamoja. Mfumo huo aliuita Ethernet. Waya na itifaki za leo, pamoja na binamu yake wa hewani tunayemwita waifai, ni kizazi cha wazo hilo. Watu wengi hudhani kwamba mtandao ulikuja kwanza, kisha printa ikachomekwa kama nyongeza. Historia inasema vingine. Haja ya wengi kuifikia printa moja ilikuwa miongoni mwa sababu kuu za kuunda mtandao wa ndani ya jengo.

Naliweka jambo hili mbele kwa makusudi, kwa sababu lina maana kubwa. Mtandao wa ndani ya jengo ulianza kama jibu la uhaba, yaani mashine moja, watu wengi, na kanuni moja inayojulikana na kila kifaa kilichoshika waya. Ulifanya kazi pale Palo Alto kwa sababu waliounda kompyuta, waya na printa walikula chakula cha mchana pamoja. Kanuni ilikuwa ya wote kwa kuwa waandishi wake walikuwa watumiaji wake. Sharti hilo ndilo lililovunjika baadaye.

Karatasi iliyokwama

Karibu na mwaka 1980, Xerox iliipatia maabara ya akili unde ya chuo cha MIT, nchini Marekani, printa ya leza. Ilikuwa ya kasi, lakini karatasi zilikwama mara kwa mara. Printa haikuwa katika chumba cha kila mtu. Mtu alituma kazi akiwa mezani kwake, akasubiri, kisha akatembea hadi kwenye mashine na kukuta karatasi ya mwenzake imekwama na foleni nzima imesimama nyuma yake.

Mtaalamu wa programu wa maabara hiyo, Richard Stallman, alikuwa na dawa. Kwa printa ya awali alikuwa ameirekebisha programu ili mashine ikikwama, iwatumie ujumbe wote wenye kazi kwenye foleni, na aliye karibu aende kuikwamua. Dawa ile haikuiponya mashine yenyewe. Iliwarudishia watumiaji foleni inayoonekana, kama ile ya chumba cha taipu. Lakini printa mpya ilikuja bila msimbo wa programu yake, yaani maandishi ambayo mtaalamu anaweza kuyasoma na kuyarekebisha. Stallman alikwenda chuo kikuu cha Carnegie Mellon kumwomba msimbo huo mtu aliyekuwa nao. Alikataliwa, kwa maelezo kwamba kulikuwa na ahadi ya maandishi ya kutoutoa.

Tarehe 27 Septemba 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, uliokusudia kujenga mfumo mzima wa programu ambao kila mtumiaji angekuwa na haki ya kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Yeye mwenyewe ameieleza printa ile kuwa ni moja ya mambo yaliyomfungua macho. Wanaharakati wanaosoma hapa wazingatie: moja ya harakati kubwa za haki katika teknolojia ilipata msukumo wake katika kero ambayo mama wa nyumba ya Kisasa anaijua vizuri. Wengine walioipata kero ileile waliishia kulalamikia mashine. Yeye aliuliza kwa nini watumiaji wamenyimwa ruhusa ya kuitengeneza.

Kutoka ofisini hadi sebuleni

Katika miaka iliyofuata printa zilishuka bei na kuingia ofisi za kawaida. Mwaka 1985 kampuni ya Apple iliuza printa ya leza kwa dola 6,995. Kwa bei hiyo ilikuwa lazima iundwe ili ishirikiwe na kompyuta kadhaa. Mwaka 1992 Microsoft ilitoa toleo la Windows lililoziwezesha kompyuta za kawaida kushirikiana mafaili na printa bila mashine kubwa ya katikati. Kompyuta moja ingeshikishwa printa kwa waya, na nyingine zingeiomba ruhusa ya kuitumia. Mpango huo ulikuwa rahisi, na ndio uliosambaa hadi majumbani.

Lakini kila kampuni ya printa ilikuwa na lugha yake. Kompyuta haikuweza kuisemesha printa bila mkalimani, yaani programu ndogo tunayoiita draiva, na mkalimani huyo aliletwa na mwenye printa. Kila kompyuta ya nyumbani ilihitaji mkalimani wake, anayelingana na toleo la mfumo wake. Ukinunua kompyuta mpya, mkalimani wa zamani hana kazi. Ukibaki na printa ya zamani, mwenye kampuni huenda ameshaacha kutengeneza wakalimani kwa ajili yake. Chuma ni kizima, ila hakuna anayekisemea.

Tatizo la pili ni la anwani. Ndani ya nyumba, ruta huvikopesha vifaa anwani za namba kwa muda. Umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kuanza kugawa upya, na simu ya mgeni ikapewa namba iliyokuwa ya printa. Kompyuta iliyoihifadhi namba ya zamani hubisha hodi kwa simu, haijibiwi, na kuandika kwamba printa haipo. Yenyewe haidanganyi, imekwenda kwenye nyumba ambayo mpangaji amehama.

Tatizo la tatu ni la ukuta usioonekana. Ruta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili, na printa nyingi za bei nafuu husikia aina moja tu. Ruta nyingi pia zina mtandao wa wageni ambao umetengenezwa kwa makusudi ili waliomo wasivione vifaa vya ndani. Mtoto akiunganishwa kwenye mtandao wa wageni, intaneti anaipata yote, lakini printa iliyo hatua tatu kutoka alipo haiioni. Anaweza kuifikia London asiifikie meza ya baba yake.

Juu ya hayo yote yapo maamuzi ya mbali. Mwaka 2009 Microsoft ilileta katika Windows 7 huduma ya kikundi cha nyumbani, iliyorahisisha kushirikiana printa kwa neno moja la siri. Mwaka 2018 huduma hiyo iliondolewa kwenye Windows 10. Google nayo ilikuwa na huduma ya kuchapa kupitia intaneti, ikaifunga tarehe 31 Desemba 2020. Julai 2021 iligunduliwa hatari kubwa ya kiusalama katika sehemu ya Windows inayosimamia foleni ya uchapaji. Marekebisho yalikuwa ya lazima, kwani wahalifu wangeweza kuitawala kompyuta kupitia mlango huo. Lakini katika miezi iliyofuata, kompyuta nyingi duniani zilizokuwa zikishirikiana printa ziligoma. Nyingine zilidai ruhusa ya msimamizi, nyingine zikaonyesha kosa lenye namba 0x0000011b. Mwalimu wa Chamwino ambaye jana alichapa na leo hawezi hakugusa kitu chochote. Kanuni zilibadilishwa usiku, na mwenye nyumba hakupewa taarifa kwa lugha anayoielewa.

Kompyuta ya baba

Sasa turudi ndani ya nyumba, maana siasa ya chombo hiki haiishii kwenye makampuni. Katika nyumba nyingi nilizoingia, printa imechomekwa kwa waya kwenye kompyuta ya mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo ni baba. Wengine huchapa kupitia kompyuta hiyo. Maana yake ni kwamba kompyuta ya baba ikizimwa, printa imezimwa kwa wote. Baba akienda nayo kikaoni Mtumba, printa imekwenda kikaoni ingawa mwili wake upo mezani. Akibadilisha neno la siri, amewafungia wengine bila kukusudia.

Nyumbani kwangu palikuwa na mpangilio kama huo, kwa sababu ndivyo muuzaji alivyoufunga. Niligundua uzito wake mwaka 2020. Shule zilifungwa kuanzia tarehe 17 Machi, na nyingi hazikufunguliwa hadi 29 Juni. Walimu walituma mazoezi kwa simu, wazazi wakatakiwa kuyachapa. Mke wangu na watoto walinisubiri nirudi jioni na kompyuta yangu ili karatasi nne za hesabu zitoke. Jirani yetu asiye na printa alikuwa na unafuu mmoja ambao sisi hatukuwa nao: alikwenda steshenari mchana, akasimama kwenye foleni aliyoiona, akahudumiwa zamu yake ilipofika.

Nilianza hapo kuiona printa kama ninavyoona taasisi. Hakuna aliyeketi na kuamua kwamba mama na watoto wasichape mchana. Uamuzi huo ulifanywa na waya. Mpangilio wa kiufundi ulikuwa umegawa mamlaka ndani ya nyumba bila kikao, na kwa kuwa uliitwa wa kiufundi, hakuna aliyeuhoji. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Katika nyumba ya kisasa kisu hicho ni kompyuta iliyoshika waya.

Pampu za maji na draiva

Msomaji anaweza kudhani kwamba somo hili ni geni kwetu. Si geni. Tulikwishalipata kwenye maji.

Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji ya uhakika. Wafadhili waligawana mikoa: Finland ilikwenda Mtwara na Lindi, Uholanzi ikawa Shinyanga na Morogoro, Denmark ikashika Iringa, Mbeya na Ruvuma, Sweden ikaenda mikoa ya Ziwa. Pampu za mkono zilikuja kwa njia hiyohiyo. Mtwara na Lindi zilijaa pampu za Nira za Kifini, na maeneo ya Waholanzi yakapata za kwao. Kipuri cha moja hakikufaa kwenye nyingine. Kijiji kilipoishiwa kipuri na mradi ukawa umeondoka, pampu nzima ilisimama kwa kukosa mpira au fimbo ya aina yake. Kisima kilikuwa na maji, chuma kilikuwepo, watu walikuwepo, lakini lugha ya chuma ilikuwa ya mtu mwingine. Draiva ndiyo kipuri cha zama hizi.

Uwanda huu wa kati, ambako mvua ni chache na maji mengi hutoka kwenye visima virefu, ulijifunza upande wa pili wa somo. Mapema miaka ya 1990 ulianza mkoani Dodoma mpango wa WAMMA, uliowaunganisha WaterAid na idara za maji, maendeleo ya jamii na afya. Msisitizo wake ulikuwa kwamba mashine ya kijiji iwe na kamati ya maji na mfuko wa maji wa wanakijiji wenyewe. Nani anashika ufunguo wa injini, nani ananunua dizeli, nani anachota kwanza, fedha zinahesabiwa wapi: hayo yalikuwa maswali ya mkutano wa kijiji. Leo wazo hilo limeingia katika Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, inayovitambua vyombo vya watumiaji wa maji ngazi ya jamii.

Sisemi kwamba kila kamati ilikuwa safi. Nasema kwamba wanakijiji walijua kuwa chombo cha wengi kinahitaji mambo mawili kwa pamoja: vipuri vinavyopatikana na kila mtu, na kanuni zinazojulikana na kila mtu. Kikosekane kimoja, mashine inabaki kuwa mapambo. Printa ya nyumbani mara nyingi imekosa vyote viwili.

Lugha moja ipo

Habari njema ni kwamba lugha ya pamoja imeshatengenezwa. Mwaka 1999 ilichapishwa hadharani itifaki ya uchapaji kupitia mtandao, inayojulikana kwa kifupi kama IPP. Mwaka huohuo Michael Sweet alitoa mfumo wa uchapaji wa CUPS, uliojengwa juu ya itifaki hiyo na wenye msimbo ulio wazi. Mwaka 2002 Apple iliuingiza katika kompyuta zake. Mwaka 2010 ikaja AirPrint, iliyoziwezesha simu na kompyuta za kampuni hiyo kuchapa bila draiva. Mwaka 2013 makampuni ya Canon, HP, Samsung na Xerox yaliunda umoja wa Mopria kwa lengo kama hilo kwa simu nyingine. Mwaka 2023 Microsoft nayo ilitangaza kwamba itaziacha hatua kwa hatua draiva za makampuni na kuegemea itifaki ya pamoja.

Kwa maneno mengine, makampuni yametumia miongo kadhaa kurudi palepale Palo Alto: kanuni moja inayojulikana na kila kifaa. Hawakurudi kwa huruma. Waliona kwamba simu zimekuwa nyingi, na hakuna awezaye kuandika mkalimani kwa kila simu na kila printa.

Kwa mwenye nyumba, mambo manne yanafuata. Printa iunganishwe na ruta moja kwa moja, isiwe mateka wa kompyuta ya mtu. Katika ruta, printa itengewe anwani ya kudumu, ili umeme ukikatika irudi kwenye nyumba yake. Vifaa vyote vya familia viwe kwenye mtandao mmoja, ule wa wageni ubaki wa wageni. Na wakati wa kununua, tuulize kama mashine inaijua IPP, AirPrint au Mopria kabla ya kuuliza bei. Mashine ya bei ndogo isiyojua lugha ya pamoja hurudisha gharama yake kwa safari za steshenari.

Kwa wanafunzi wa fani za kompyuta katika vyuo vyetu vya Dodoma, naona kazi iliyo wazi. Elekezeni mambo hayo manne kwa Kiswahili, kwa picha, kwa ajili ya watu wa mitaani mnakoishi. Kijana anayeitwa kila mara kuisomesha printa anapata soda na shukrani. Anayemfundisha mwenye nyumba kuisomesha mwenyewe anabadilisha mgawanyo wa mamlaka.

Mifumo isomane

Wapo watakaosema kwamba karatasi inakufa, kwamba serikali imehamia ofisi mtandao, na kwamba kuandika historia ya printa ni kumwandikia wasifu marehemu. Napokea hoja hiyo kwa nusu. Ni kweli kwamba majalada mengi sasa hupita kwenye kompyuta. Lakini tasnifu bado hujalidiwa, barua bado hugongwa muhuri, na mwananchi bado huambiwa alete nakala. Zaidi ya hapo, hata karatasi ikifa leo, swali nililolianza halifi pamoja nayo.

Tuisikilize lugha yetu. Nyumbani tunasema printa haisomi. Serikalini tumesikia kwa miaka kadhaa agizo kwamba mifumo isomane. Kitenzi ni kilekile. Wizara hii ilinunua mfumo kwa huyu, taasisi ile ikajengewa na yule, na mwananchi akawa ndiye mtandao wenyewe, anayebeba taarifa zake mkononi kutoka dirisha hadi dirisha, kama mwanafunzi anavyobeba flashi kwenda steshenari. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao jukumu la kuweka viwango na miongozo, na mamlaka hiyo imejenga GovESB, mfumo wa kubadilishana taarifa kati ya taasisi. Hiyo ni njia sahihi. Lakini viwango haviingii ofisini kwa tamko. Huingia kupitia mstari mmoja katika hati ya zabuni.

Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho nawaelekezea watumishi wanaoandaa mahitaji ya ununuzi, yawe ya printa kumi za halmashauri au ya mfumo wa taifa zima. Kabla ya kupandisha hati yenu kwenye NeST, andikeni kwamba kifaa au mfumo utumie itifaki iliyo wazi, kwamba usimtegemee mkalimani wa muuzaji mmoja, na kwamba maelezo ya kanuni zake yabaki mikononi mwa mnunuzi. Mstari huo hauna gharama ya kuuandika. Usipoandikwa, gharama yake hulipwa na watu wasiokuwemo kwenye kikao cha tathmini: karani wa kata, muuguzi wa zahanati, na mzazi aliyesimama dirishani akiambiwa arudi kesho kwa sababu mashine haisomi.